Spika za Chumba cha Kiti Kimoja

Mke wangu alipougua sikio la kulia likaacha kusikia, aliacha kuketi nami kusikiliza muziki. Kwa miaka mingi tulikuwa tukifungua redio sebuleni baada ya chakula, yeye akiimba sauti ya pili aliyojifunza kwenye kwaya ya kwao Werugha, mimi nikimfuata kwa sauti isiyojua njia. "Unauharibu wimbo, mzee," alikuwa akiniambia, nami ndio kwanza nazidisha. Baada ya ugonjwa ule wa sikio akawa anasema tu, "Sikiliza wewe," halafu anarudi jikoni. Nilimkosa, na alikuwa humo humo nyumbani.

Mimi ni mwepesi wa hasira, na huzuni ikinijia hutafuta kazi ya mikono. Binti yetu alipoolewa nilikitwaa chumba chake, hatua nne kwa tatu, nikatundika mapazia mazito, nikatandika zulia, na katikati nikaweka kiti kimoja. Nilikuwa nimesoma kwamba spika nzuri zina mahali pamoja tu pa msikilizaji kukaa. Nikajipa moyo kwamba nikipata spika safi kabisa, sauti yenyewe itamvuta mke wangu arudi. Yeye sikumwambia. Alichungulia mlangoni, akakitazama kile kiti, akasema, "Ni chumba kizuri," akaenda kuchambua maharagwe yake.

Fundi mmoja wa Mombasa, anayeuza spika za bei kali, alikubali kuniletea jozi mbili hapa Voi. "Dukani zote huimba vizuri," aliniambia kwa simu. "Ngoja uzisikie kwako." Jozi moja ilikuwa ndefu hadi kifuani, mbao nyeusi zinazong'aa. Hizo nilizitamani tangu nilipokuwa bado kazini, kabla sijastaafu. Nyingine ilikuwa ndogo, ya kuwekwa juu ya stendi, kila spika unaweza kuibeba kwapani.

Tulianza na zile ndefu. Pale kwenye kiti, mwimbaji alisimama mbele yangu mzima mzima, nikasisimka mwili. Lakini besi ilijaa pembeni mwa chumba, mlango ukatetemeka kama gari moshi la mizigo linapita, na nilipojisogeza kidogo tu, mwimbaji akahamia ukutani.

"Chumba ni kidogo, mzee," fundi akasema. "Hizi zinataka ukumbi. Na hapa zinataka mtu mmoja, asisogee."

"Basi sisogei!" nikamfokea.

Mke wangu alikuwa ametuletea chai. Hapakuwa na meza, akaiweka sakafuni. "Nilijua ni chumba cha mtu mmoja," akasema polepole.

Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimemlaumu moyoni kwa kunitenga, na kiti kimoja nimekiweka mimi. Nilikitoa nje, nikaingiza benchi la jikoni, kisha nikamwambia fundi, "Mama hasikii upande wa kulia." Sikuwa nimewahi kulitamka hilo mbele ya mtu.

Fundi hakuuliza mengi. Alizisimamisha zile ndogo mbali na ukuta, akabonyeza kitufe kwenye amplifaya ili zote mbili zitoe sauti ile ile, mwenye sikio moja asikose kitu. Sitadanganya, mwimbaji hakusimama tena mbele yangu. Ila gitaa lilisikika kila uzi, mlango ukatulia, na ukikaa mwisho wowote wa benchi wimbo ni ule ule. Nikamwambia fundi azirudishe zile ndefu kwenye gari.

Nilimkalisha mke wangu mwisho wa kushoto, sikio lake zima liwe wazi, nami nikakaa upande wake usiosikia. Alisikiliza nusu ya ubeti. Akainuka, akazunguka benchi, akanisukuma kwa nyonga nisogee, akaketi kulia kwangu.

"Ungebaki kule," nikamwambia. "Huku nitakuziba sikio."

"Spika nitazisikia tu," akasema. "Ni wewe nilikuwa sikusikii. Haya, uharibu wimbo."