Watoto Saba na Gunia la Muhogo

Enzi zetu mtoto alikuwa na matumizi mengi. Alitumwa dukani, alibebeshwa mdogo wake mgongoni, aliwekwa mlangoni kufukuza kuku wa jirani, na pale kwetu Walukuba, mjini Jinja, alitumika pia kupimia uzito. Wenzangu mliokulia katika nyumba zile za wafanyakazi wa viwanda mtanishuhudia. Vijana wa leo wakisikia habari hiyo hudhani ninatia chumvi, kwa sababu wao kitu kizito walichowahi kubeba ni chaji ya simu.

Nilizaliwa tarehe 3 Machi 1963, na kufikia Agosti 1975 nilikuwa sijakanyaga darasani hata siku moja. Halikuwa jambo la ajabu. Nilikuwa kifungua mimba, wa kike, mwenye wadogo wanne, na mama yangu alikuwa akikaanga mandazi na kuyauza kwenye malango ya viwanda, leo hapa, kesho pale. Asubuhi wenzangu walipopita wakielekea shule, mimi nilikuwa nimeshafunga mtoto mgongoni. Jioni tulikuwa sawa. Tulicheza kwepena, mpira wa matambara ukirushwa huku na huku nasi tukiukwepa katikati, mpaka vumbi likaingia hata kwenye meno. Mtoto wa mgongoni hakukuzuia kucheza. Alihesabiwa kuwa sehemu ya mchezaji: akipigwa yeye, umetoka wewe.

Baba alikuwa dereva wa lori kiwandani, mtu wa maneno machache. Mwaka ule alijipatia trela lililoachwa na wajenzi wa barabara, chumba kizima cha bati juu ya magurudumu manne, chenye madirisha mawili na harufu ya lami. Alikusudia kulipeleka Mbale, kwao Bugisu, ili mama afungue humo hoteli ndogo na kupika malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga. Aliniita akaniambia wazi: mama yako akipika mahali pamoja, wadogo zako watakaa mbele ya macho yake, na wewe utakwenda shule. Trela likifika, utasoma. Lisipofika, hakuna. Nilimwelewa vizuri kabisa, kwa namna ambayo mtoto huelewa jambo na bado akaenda kucheza.

Taabu ilikuwa shingo ya trela lile. Trela za kawaida hufungwa nyuma ya gari. Hilo lilikuwa na shingo ndefu ya chuma iliyopanda juu, ikainama, na kukaa ndani ya bodi ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma. Kwa hiyo haikutosha pikapu iwe na nguvu ya kuvuta. Ilipaswa pia kubeba shingo ile mgongoni bila kukaa chini kama mbwa. Baba alikuwa na msemo wake: "Kuvuta ni sifa. Kubeba na kusimama ndiyo kazi."

Mizani ya kupimia chuma kama kile hatukuwa nayo. Baba akaingiza gogo chini ya shingo, akaweka jiwe katikati kabisa ya gogo, kisha akaanza kutupandisha watoto wa jirani upande wa pili, mmoja mmoja. Shingo iliinuka tulipotimia watoto saba na gunia moja la muhogo. Mama alisimama mlangoni akitazama. "Baba Nambozo," alisema, akimwita kwa jina langu, "watoto wa watu si mawe." Baba akajibu kwamba mawe angeyabeba yeye, ilhali sisi tulikuwa na miguu. Tangu siku ile uzito wa shingo ulijulikana mtaani kote kuwa ni watoto saba na gunia.

Pikapu za kuchagua zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, mali ya Bwana Juma, mchuuzi wa samaki wa Masese kule ziwani. Ilinuka samaki, lakini ilikuwa na redio, na honi yake ilitoa sauti mbili. Bwana Juma aliniahidi kwamba akipewa kazi nitakaa mbele na kupiga honi hiyo katika kila kijiji mpaka Mbale. Ya pili ilikuwa ya kijivu, fupi, yenye sura ya mtu aliyeamshwa usingizini. Mwenyewe alikuwa Afande Odongo, mwanajeshi mstaafu. Tulipoipanda tu alisema, "Nyinyi watoto, shuka. Hii gari si ya kucheza." Kwa maoni yetu uchaguzi ulikuwa umekwisha.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1975, baba alizipima zote mbili. Alichukua fimbo yenye alama, akalala chini nyuma ya gari, na kutazama bampa imeshuka vidole vingapi tulipopanda na gunia letu. Kutoka pale chini aliona bampa na magurudumu, basi. Hakuona kilichokuwa kikitendeka juu, na juu msimamizi nilikuwa mimi. Ilipokuja zamu ya ile nyekundu niliwanong'oneza wenzangu wasogee mbele kabisa, wakumbatie kichwa cha gari, na gunia nikaliegemeza huko huko. Bampa ikashuka vidole vinne. Kwenye ile ya kijivu tulikwenda kukaa kwenye mlango wa nyuma, tumejazana kama mandazi kwenye kapu. Ikashuka vidole tisa. Baba aliipima mara mbili, akampa Bwana Juma mkono. Afande Odongo akapangusa kiti chake na kuondoka.

Tulikula mchana ule kwa furaha. Baba, ambaye si kawaida yake kuzungumza akila, alimweleza mama kwamba alikuwa na shaka na springi za ile nyekundu, lakini fimbo imemwondoa shaka. Kama springi zingekuwa dhaifu, alisema, magurudumu ya mbele yangeelea kwenye mlima wa kwanza, usukani ungekuwa mapambo tu, na trela lingebaki porini kuwa nyumba ya nyani. Mama akasema basi ni heri, maana Nambozo ameshaahidiwa shule. Nikauweka muhogo wangu chini. Niliomba maji. Kikombe kilipokwisha nikaenda kukiosha.

Nilisema kesho yake, Jumapili, tulipotoka kanisani. Nilieleza yote, hata habari ya honi. Baba hakunipiga, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Alitembea mpaka mwisho wa nyumba za mtaa wetu, akarudi.

"Mimi umenidanganya," alisema. "Springi hungezidanganya."

Akaomba magari yote mawili yarudi. Akawakusanya watoto wale wale, akachora kwa chaki mahali pa kila mmoja, juu ya ekseli, na mimi akaniketisha juu ya gunia ili asihitaji kunitafuta. Nyekundu ilishuka shubiri nzima hadi tairi likagusa chuma. Ya kijivu ilishuka vidole vitano na kutulia. Kisha akaniambia kwamba aliyelipindisha jambo ndiye atakayelinyoosha, na kwamba habari hii Bwana Juma ataipata kwangu.

Bwana Juma alikuwa ameegemea gari lake, akidhani bado ana kazi. Nilimsimulia nikitazama viatu vyake, vilivyokuwa na magamba ya samaki. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama honi hiyo kweli ilikuwa nzuri kiasi hicho. Nikasema ndiyo. "Basi, binti," akasema, "afadhali unikatae hapa Walukuba, kuliko gari linikatae mlimani watu wakitazama." Akaingia, akapiga honi mara moja, akaenda zake. Sijawahi kumwona mtu akikubali kukataliwa kwa heshima kama ile, na niliishi miaka thelathini na minne na mume mstaarabu, Mungu amlaze pema.

Tuliondoka Jumamosi, tarehe 23 Agosti. Mama na wadogo zangu walitangulia kwa basi. Mimi nilikaa kati ya baba na Afande Odongo, mikono mapajani, nimekatazwa kugusa chochote. Redio haikuwepo. Katika mteremko mmoja baada ya Bugiri trela lilianza kutusukuma, kama ng'ombe anayemsukuma mwenzake kisimani. Afande aliingiza gia ndogo, gari likanguruma, likashika. Baada ya kilomita nyingi alinitazama. "Gari yangu haina maneno mingi," alisema. Tuliingia Mbale alasiri, mlima Wanale umevaa wingu lake, na magurudumu yote yalikuwepo. Niliyahesabu.

Tarehe 2 Februari 1976, siku ya Jumatatu, niliingia darasa la kwanza nikiwa na miaka kumi na mbili na miezi kumi na moja. Magoti yangu hayakuingia chini ya dawati. Mwalimu alinidhania kuwa mzazi, akanionyesha njia ya ofisini.

Mwaka huu mwanangu Magomu, anayeishi Nkoma hapa Mbale, ametafuta pikapu ya kuvutia trela la jiko la kupikia harusini, nalo lina shingo ya kukaa ndani ya bodi vile vile. Amechagua kwa simu, kwa kuangalia rangi. Niliomba kuliona gari lenyewe. Nilivaa miwani, nikafungua mlango, nikasoma bamba lililobandikwa pale linaloeleza gari linaruhusiwa kubeba nini, kisha nikasoma karatasi za trela. Nikamwambia halitoshi. Alibisha, akasoma mwenyewe, akatafuta jingine. Kazi yote ilichukua dakika kumi, na sikumhitaji mtu yeyote.

Ni maendeleo, siyapingi. Ila sisi, ili kulijua gari moja, ilibidi tubishe hodi nyumba tano kuomba watoto, na jioni kuwarudisha wakiwa wameoga. Nyumba ya pili kutoka kwa Magomu ina watoto wanne. Niliwaona ukutani wakitutazama. Nilimwuliza majina yao. Hajui hata moja.