Bawa la Feni Lililopinda

Papa alipostaafu na kuhama Luvungi, alikuja Bukavu akiwa ameipakata feni mapajani safari nzima, mbele ya lori, karibu na dereva. Maman alipanda nyuma pamoja na magodoro na kuku. Jambo hilo maman hakulisahau, na kila mgeni aliyeingia nyumbani kwetu, mtaa wa Nguba, alisimuliwa kabla hata ya kuletewa chai.

Ilikuwa feni ya zamani sana, ya wakati wa wakoloni, yenye kitako cha chuma na mabawa manne ya shaba ya njano. Papa alikuwa agronome, mtaalamu wa kilimo cha pamba, huko bondeni Luvungi. Aliikuta imetupwa katika ghala moja, ikiwa imejaa mavi ya popo, akaomba apewe. Luvungi kuna joto, feni ina kazi. Lakini Bukavu watu huvaa sweta asubuhi, na majirani walimcheka: “Muzee, upepo ya ziwa haikutoshe?” Hakuwajali. Aliifungua kipande kipande juu ya magazeti, akabadilisha nyaya, akatia mafuta, akaisugua shaba kwa majivu na ndimu mpaka ikang'aa. Kitu kimoja tu kilimshinda. Bawa moja lilikuwa limepinda safarini, mahali fulani kwenye mashimo ya barabara, na kila alipoiwasha, feni ilitetemeka na kuanza kutembea yenyewe mezani. Akaipandisha juu ya kabati. Alisema ataisawazisha akipata nafasi. Ikakaa huko miaka mingi, imefunikwa kitambaa cha maman cha kufuma.

Kisha moyo wake ukaanza kuchoka, na mapafu yakawa yanajaa maji. Alikuwa hawezi tena kulala chali. Tulimkalisha kitandani kwa mito, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka kana kwamba kila pumzi alikuwa anaivuta kutoka shimoni. Mimi nafundisha Kifaransa katika lisé moja ya mjini, shule ya sekondari. Nilikuwa natoka darasani moja kwa moja hadi chumbani kwake, na maman alikuwa hatoki kabisa.

Ilikuwa ni ule wakati ambao uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa kwa sababu ya vita, na hospitali ilikuwa inagawa chupa za oksijeni kwa wale waliokuwa na nafasi ya kupona. Daktari aliyekuja kumwona nyumbani, mama mmoja mpole ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, alinivuta hadi kwenye baraza.

“Madame, sitakudanganya,” alisema. “Dawa tumepandisha mpaka mwisho. Ile ya kubakia ni kumusaidia asisikie kama anazama. Mufungue madirisha. Mumupepee ku uso. Upepo ikipita ku uso, mwili inadanganyika kidogo, inaona kama hewa iko.”

“Ni hiyo tu?”

“Ni hiyo tu.”

Basi tukampepea. Maman alitumia kifuniko cha ndoo, na kwa kweli mkono wake ulikuwa mzuri, polepole, bila kusimama. Lakini maman naye ni mzee. Papa alikuwa akimtazama kiwiko kikitetemeka, anafumba macho, anajifanya amelala ili maman apumzike. Maman hakudanganyika. Aliendelea tu.

Nilizunguka soko la Kadutu nikitafuta feni mpya. Wauzaji walinishangaa, hakuna anayeleta feni kwenye mji huu. Nilipata moja ya plastiki, ya kuchaji kama simu, ndogo kama sahani ya chai. Papa aliivumilia kidogo, halafu akasema kwa pumzi yake fupi, “Mama, toa hii mbu.” Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Kisha akanyoosha kidole kwenye kabati. “Ile yangu.”

Nilipanda kiti nikaishusha. Nilikuwa nimesahau uzito wake. Niliipangusa, nikaiweka juu ya meza mbele ya kitanda, nikaiwasha. Ilianza polepole, ikashika mbio, halafu meza yote ikaanza kugonga ukuta. Glasi ya dawa ilidondoka ikavunjika. Maman aliziba masikio kwa mikono. Lakini kabla sijazima, upepo ulimfikia papa usoni, na nilimwona. Mabega yalishuka. Kwa muda mfupi tu, mabega yale yalishuka.

Tangu hapo sikuwa na wazo jingine. Shuleni nilikuwa nasahihisha insha huku nafikiria bawa.

Papa alinielekeza kutoka kitandani, maneno machache kwa wakati mmoja, na maman akiudhika pembeni kwamba anapoteza pumzi. Nilifungua wavu wa mbele wa feni. Nikafunga uzi mwekundu wa kufumia kwenye bawa lililopinda, nisilichanganye na mengine. Kisha, umeme ukiwa umezimwa, nikayazungusha mabawa kwa kidole na kuyaacha yasimame yenyewe. Lile zito huenda chini. Nikazungusha tena. Kila mara uzi mwekundu ulisimama pale pale, ukielekea sakafuni.

“Unaona?” papa alisema. “Ni ile.”

“Niipunguze uzito?”

“Hapana. Ongeza… ile ya kuitazamana.”

Alikuwa na kipande cha risasi ya kulehemu kwenye kopo lake la misumari. Nilikata punje ndogo, nikaibandika nyuma ya bawa la upande wa pili kwa plasta ile ile tuliyokuwa tukifungia sindano zake. Nikazungusha. Uzi ukasimama pembeni, si chini. Nilipiga kelele ya furaha kama mtoto. Nikaiwasha, na meza ikaanza kugonga ukuta kama mwanzo.

Tatizo halikuwa uzito peke yake, bali pia ule mpindo. Bawa lenye uzi lilikuwa linapita mbele ya wenzake, nililiona nilipoweka rula mezani na kuyapitisha yote mbele yake, moja moja. Ilibidi lirudishwe nyuma. Nilishika shina lake kwa mkono mmoja, ncha kwa mwingine, nikasukuma taratibu. Nikawasha. Vibaya zaidi. Nikalivuta. Nikawasha. Afadhali kidogo, halafu vibaya. Papa alikuwa anasema “mbele,” kisha “nyuma,” na nilianza kuelewa kwamba hata yeye hajui. Angekuwa anajua, angeshalinyoosha miaka ile yote. Tulikuwa wawili tunaokisia, mmoja akiwa hana pumzi.

Siku moja alinifokea. Sijui nguvu alizitoa wapi. “Uko unanitikisa kichwa! Toa! Toa yote!” Kisha akakohoa vibaya, maman akanitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaeleza, nikatoka nje kwenye ua. Nilisimama karibu na tangi la maji na rula mkononi. Upepo wa ziwa ulikuwa unapiga kanga kwenye kamba. Upepo mwingi, wa bure, na ndani ya nyumba mtu anazama. Niliporudi alikuwa ametulia. Akasema, “Mama, jaribu tena. Pole.” Hakuwahi kuniambia pole kabla ya hapo.

Tulifika. Sijui ni msukumo gani uliofanikiwa. Jumamosi moja mchana niliwasha feni na meza haikugonga. Kulikuwa na mvumo tu, laini, wa chini, na mabawa yakawa sahani moja ya dhahabu isiyo na mwanzo wala mwisho. Niliweka glasi ya maji karibu na kitako, maji hayakucheza. Maman alishusha kifuniko cha ndoo, akaukunja mkono wake kifuani kama mtu anayempumzisha mgonjwa mwingine. Papa alilala. Alilala kweli, kichwa kikiegemea upande, na maman akalala kwenye kiti. Mimi nilikaa chini nikisikiliza ule mvumo, nikaogopa hata kusogeza mguu.

Umeme ulikatika jioni, ukarudi kesho yake, ukakatika. Kila uliporudi feni iliendelea ilipoachia. Kaka yangu alipopiga simu kutoka Kinshasa, nilimwambia kwamba papa anaendelea vizuri. Niliamini, pia.

Kisha nikasikia mlio mpya, kama kucha inayogonga sufuria, mdogo sana. Nilizima, nikaangalia kwa tochi ya simu. Kwenye shina la bawa lenye uzi mwekundu, pale nilipokuwa nasukuma na kuvuta, kulikuwa na ufa. Ulianzia kwenye ribiti, ule msumari unaolishikilia bawa, na ulikuwa umeshafika katikati. Shaba haipendi kukunjwa huku na huku, hata mimi ningeweza kulifikiria hilo.

“Mbona umezima?” papa aliuliza.

“Imepasuka, papa. Ile bawa.”

“Washa.”

“Inaweza kukatika. Inaweza kuruka ikupige ku uso.”

“Washa, mama.”

“Papa, siwezi.”

Alianza kunisihi. Hakutumia maneno tena, alinisihi kwa mkono, akipunga vidole kuelekea swichi. Maman alisimama katikati yetu, akamwangalia yeye, akaniangalia mimi. Nikiwasha, huenda nitamuumiza. Nikiacha, namnyima pumzi huku nikimtazama. Nilisimama na mkono kwenye swichi muda ambao sijui urefu wake. Sikuwasha. Maman akainama akachukua kifuniko cha ndoo.

Jirani yetu fundi wa milango alinikatia ribiti za lile bawa kwa msumeno wa chuma. Pamoja nalo akaondoa la upande wa pili, kwa sababu likibaki peke yake feni itatetemeka upya. Yakabaki mawili yanayotazamana. Tuliirudisha, ikazunguka bila kutikisika hata kidogo. Lakini upepo ulikuwa nusu. Papa aligeuza uso kushoto, akaugeuza kulia, akiutafuta upepo.

“Ni hii tu?” aliuliza.

“Ni hii tu, papa.”

Akafumba macho. Nilivuta meza karibu hadi ikagusa kitanda. Nilifungua dirisha lote. Hakuna kingine nilichoweza kufungua.

Alifariki asubuhi ya siku ya mvua, umeme ukiwa haupo. Maman alikuwa anampepea. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa papa juu ya blanketi, na nilijua kabla ya maman, kwa sababu mguu haukuwa tena na ule mshtuko mdogo wa kila pumzi. Maman aliendelea kupepea. Nikamwacha aendelee, mpaka mwenyewe alipopunguza, akapunguza, akasimama.

“Ameenda?” aliniuliza.

“Ndiyo, maman.”

“Zamani?”

“Hapana. Saa hii tu,” nilisema.

Kaka yangu alizunguka nchi mbili za jirani ili afike, na alifika baada ya mazishi. Alikaa kwenye kitanda kitupu cha papa, bado na vumbi la safari kwenye viatu, akataka kujua neno la mwisho. Ndiye mtoto wa kwanza. Nadhani alitarajia baraka, au agizo kuhusu maman na nyumba. Nilifikiria sana. Usiku wa kuamkia siku aliyofariki papa hakuongea. Jioni kabla ya usiku huo alikuwa amesema jambo moja tu.

“Aliuliza kama nilitia mafuta,” nilimwambia.

“Mafuta gani?”

“Ya feni.”

Kaka yangu alinitazama akidhani namficha kitu. Aliuliza tena, kwa upole, kisha akamwendea maman jikoni kumuuliza yeye. Nilimsikia maman akimjibu vile vile.