Pili Moja

Mwaka wa pili tangu reli ifike Morogoro, hakuna aliyelijua bafu la yule Mjerumani wa shamba la mpira kumshinda Pili binti Mwinjuma, ingawa hakuwahi kuoga humo hata siku moja. Yeye ndiye aliyeleta maji ya moto kutoka jikoni, debe kichwani, asubuhi na jioni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu toka kiwikoni hadi kiganjani. Bafu lilikuwa jembamba, na siku moja kiwiko kiligonga mlango, debe likainama.

Basi bwana alipotangaza kwamba ukuta utavunjwa, bafu liunganishwe na stoo, Pili alifurahi kuliko bwana mwenyewe. Furaha haikudumu. Rehani, mwashi, alichora sakafuni kwa majivu kama karatasi ya bwana ilivyoagiza: hapa hodhi la kuogea, hapa meza ya beseni, hapa kiti cha choo. Kila kitu kilipata nafasi, hata taulo. Kati ya hodhi na meza pakabaki upenyo wa kupita paka, tena paka mwenye njaa.

"Fundi, mie nitapita wapi?"

Rehani akaigeuza karatasi huku na huku. "Dada Pili, humu yumo anayeoga tu. Anayeleta maji hayumo."

"Basi leo ataingia."

Akapanga makasha juu ya ile michoro, yawe ndiyo hodhi na meza. Akajaza debe maji baridi, akajitwika. Mara bwana akatokea, kaja kukagua. Pili alijua watu walichapwa viboko kwa makosa madogo kuliko hilo, lakini hakurudi nyuma. Alipogeuka ili amimine, kiwiko kikapiga kasha, na nusu ya debe ikaishia kwenye viatu vya bwana.

"Hayo ya baridi, bwana," alisema. "Ya moto yalishanipata mimi." Akaunyoosha mkono wenye kovu.

Bwana aliutazama mkono, akatazama viatu. Hakuomba radhi, wale hawakuwa na mazoea hayo. Alitoa kipimo chake cha kukunja, akamwambia asimame na debe kichwani, akampima kiwiko hadi kiwiko. Meza ikahamia chini ya dirisha, na mlango ukageuzwa ufungukie nje.

Rehani akakata ufito wa urefu uleule, akaondoka nao. Kila bafu alilojenga mjini baada ya hapo, aliagiza: "Hapa acheni Pili moja."

Gabrieli, mwashi mwenzake kutoka misheni, alichoka. "Fundi, ni moja au ni mbili?"

"Ni mwanamke na debe lake."

Habari zikamfikia Pili kisimani. Alicheka mpaka akakaa chini, maana alikuwa hajapata kuona fahari kama ile. Kesho yake akaenda kwenye nyumba mpya waliyokuwa wakiijenga kina Rehani, akajitwika debe, akapita katikati ya bafu, viwiko nje, taratibu kama bibi harusi. Havikugusa kitu.