Dashzeveg, Bingwa wa Boneti za Wengine

Ukiinua boneti ya gari popote katika maghorofa yetu hapa mjini Darkhan, Dashzeveg alikuwa ameshafika kabla hujasimamisha ile fimbo ya kuishikilia. Sijui alikuwa anasikiaje. Mke wake Handsuren, ambaye ni binamu yangu, aliniambia kuwa mumewe anaweza kulala huku wajukuu wanamrukia tumboni, lakini boneti ikifunguliwa huko chini, anaamka na kutafuta viatu. Anateremka ngazi mikono nyuma, kofia yake ya manyoya ya mbweha imekaa upande, anasimama karibu yako na kuitazama injini kama mtu anayechagua kondoo wa kuchinja. Kisha anauliza swali lake moja: "Imeanza lini?"

Ukimjibu tu, umekwisha.

Hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo mapema, maana wanaonisikia nikimzungumzia hudhani aliniibia. Angekuwa mkorofi tungemtimua zamani. Lakini utamtimuaje mzee anayekushikia taa, anayekufuta theluji mabegani, anayekuita "mdogo wangu" kwa sauti nene na tamu, na hataki chochote isipokuwa umsikilize? Ndivyo alivyotuharibia magari, mmoja baada ya mwingine, nasi tukishukuru.

Alizaliwa katika familia ya wafugaji kando ya mto Orkhon, akapelekwa kusomea udereva akiwa kijana, na karibu maisha yake yote ya kazi alimwendesha mkurugenzi wa kiwanda cha unga. Alimwendesha, basi. Gari lilioshwa na mwingine, likatengenezwa na mwingine, fundi mmoja mkimya aliyeitwa Yadam. Huyo Yadam alimkataza kabisa kugusa spana, kwa sababu mara ya kwanza alipoigusa alikaza nati hadi ikakatika. Kazi ya Dashzeveg ilikuwa kufungua mlango, kufunga mlango na kungoja. Na alipokuwa akingoja, alikaa gereji kwa Yadam, akinywa chai ya maziwa na chumvi, akiokota maneno: plagi, rejeta, mkanda wa feni. Kilichounganisha neno moja na jingine hakukiokota.

Kisha kiwanda kikafungwa, Yadam akafariki, na mjini hapakubaki mtu wa kumwambia Dashzeveg anyamaze. Hapo ndipo alipopata ufundi.

Enebish wa duka la dawa alikuta kioo chake cha mbele kimeganda barafu. Dashzeveg akamwambia akimwagie maji ya birika, ya moto kabisa. Kioo kikapasuka kutoka pembe hadi pembe, mlio wake kama kuni inayopasuliwa. Mimi nilikuwa dirishani, nikasikia kila neno.

"Unaona?" alisema Dashzeveg bila hata kupepesa macho. "Kilikuwa na ufa wa ndani. Maji yameufichua tu. Bora umejua mapema."

"Asante, mzee," alisema Enebish. Asante! Mtu mzima, ana duka, ana watoto.

Mzee Purev injini ilimchemkia wakati wa kiangazi, akaambiwa afungue kifuniko cha rejeta hapo hapo ili gari "lipumue." Gari likampumulia mkononi. Sikukuu ya Naadam nzima alitazama mbio za farasi mkono umefungwa bendeji, hawezi hata kupiga makofi.

Nami sikupona. Siku moja nilimwambia kuwa pedeli ya breki inazama, ni laini mno. Alitabasamu. "Breki laini ni breki tulivu, Norjmaa. Ikanyage mara mbili tatu kabla ya kona, itakuzoea." Nilienda moja kwa moja kwa fundi. Akakuta bomba la breki limetoboka na mafuta yake yamekaribia kwisha. Nilirudi kwa Dashzeveg nikiwa nimewaka.

"Ungeniua!" nilimwambia.

Akatikisa kichwa kwa upole. "Nilitaka uende mwenyewe ukajionee. Ningekuambia, ungeniamini?"

Tangu siku hiyo sikumchukulia tena kama mzee. Nilimchukulia kama barafu ya kwenye ngazi: ipo, inateleza, unaizunguka.

Mji haukumzunguka. Mji ukampa redio. Mwenye kituo chetu kidogo cha redio alimsikia akitoa hotuba harusini, akaipenda sauti yake, akampa kipindi cha Jumamosi asubuhi kilichoitwa "Rafiki wa Dereva." Watu walipiga simu kutoka kila upande. Nakumbuka mmoja aliyelalamika kuwa gari lake linatoa moshi mweusi.

"Mweusi kiasi gani, mwanangu?" aliuliza Dashzeveg.

"Kama wa jiko la makaa, mzee."

"Basi linakula vizuri. Ungeona halitoi kitu ndio ungeogopa."

Yule mtu alicheka, mtangazaji akacheka, wakapiga muziki. Handsuren, aliyekuwa akimenya vitunguu saumu, alinyoosha mkono akaizima redio. "Nyumbani hawezi kubadilisha balbu," alisema, akaendelea kumenya.

Baridi ilipozidi, magari yakaanza kugoma kila asubuhi, naye akatoa ushauri uliompa sifa kuliko yote. Chukua kichomeo cha gesi, alisema, kile cha kuchomelea mabomba, upitishe moto chini ya injini ili oili ilainike. "Polepole, kwa mapenzi, kama unamkanda ndama aliyezaliwa kwenye theluji." Madereva wa kwetu wamefanya hivyo tangu zamani, siyo siri. Ila wanaojua huingia kwanza chini ya gari, wakafungua kinga ya plastiki, wakaangalia kama kuna mahali panapovuja. Hayo Dashzeveg hakuyasema, kwa sababu Yadam alikuwa akiyafanya kimya kimya. Lakini ndama alipendwa. Mji mzima ukawa unakariri maneno ya huyo ndama.

Mwaka Mpya wa Tsagaan Sar ulipoingia, gari langu lilikuwa kwa fundi na mabasi yamejaa. Ilikuwa lazima nifike kwa shangazi yangu kule Orkhon, na Dashzeveg alikuwa anaenda huko huko kuwaamkia wazee wa ukoo. Handsuren alibaki kupokea wageni. Alinifungia thermosi ya chai, akanisogelea sikioni: "Vaa soksi za ziada." Nilielewa.

Gari lake lilikuwa la Kijapani, kuukuu, la usukani wa kulia, na lilivuja oili. Kila lilipoegeshwa liliacha doa jeusi kwenye theluji. Nilipomuuliza alisema gari linalovuja ni dalili kwamba oili bado imo. Nikaweka sanduku langu la zawadi kiti cha nyuma, nikapanda.

Tulifika kwenye kilima chenye lundo la mawe ya matambiko, lile lenye vitambaa vya buluu. Tukashuka kulizunguka kama ilivyo ada. Yeye akazima injini "ipumzike." Upepo ulikuwa unakata mashavu. Nilizunguka haraka nikarudi. Yeye alizunguka taratibu, akajipiga picha, akajipiga nyingine kofia ikiwa imenyooshwa. Aliporudi na kupiga starta, gari lilitoa mlio mmoja wa kukwaruza, kisha kimya.

Akafungua boneti.

Nilimtazama vizuri sana. Mara hii hapakuwa na mtu wa kumuuliza imeanza lini. Aligusa betri. Akagusa bomba fulani, akaliachia. Akafunga boneti, akaifungua tena.

"Ni baridi," alisema.

"Hilo najua, mzee. Tunafanyaje?"

"Tunaipa muda."

"Tukiipa muda watatukuta tumekauka kama nyama ya akiba. Wewe si ndiye rafiki wa dereva? Haya, dereva ni wewe. Jishauri."

Akaanza kuifuta boneti theluji kwa mkono wa koti.

Lori lililobeba nyasi kavu likapanda kilima na kusimama. Huku hakuna anayempita mtu aliyekwama wakati wa baridi. Akashuka mwanamume mpana, ndevu zimeganda, akajitambulisha kuwa ni Chuluunbat, anapeleka malisho kwa kaka yake.

"Pole, mzee wangu. Limegoma?"

"Limechoka kidogo," alisema Dashzeveg.

"Basi una bahati!" Chuluunbat alikimbilia kwenye lori akarudi na kichomeo na mtungi wa gesi. "Kuna mzee mmoja redioni, mama yangu haachi kumsikiliza. Anasema moto chini ya injini, polepole, kama unamkanda ndama. Nimewasha lori hivyo wiki yote hii."

Nilimgeukia Dashzeveg. Alikuwa anatazama chini, pale ambapo doa jeusi lilikuwa limeshaanza kupanuka kwenye theluji.

"Mzee," nilisema, "gari linavuja oili. Mwambie."

"Kidogo tu," alinong'ona.

"Dada anasema linavuja?" Chuluunbat alisita, tayari amepiga goti. "Mwenye gari, unasemaje? Niache?"

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Neno moja tu, acha. Lakini yule mtu alikuwa amemsifu mzee wa redioni, na mzee wa redioni alikuwa amesimama pale na kofia yake. Alijinyoosha, akashusha ile sauti yake nene.

"Ni njia nzuri. Endelea."

Chuluunbat akaendelea, kwa mapenzi kabisa. Oili ikashika moto, plastiki ikafuata, na moto ukapanda ndani ya boneti kama ulikuwa unaijua njia. Tulirusha theluji kwa mikono, kwa ndoo, kwa kofia ya Chuluunbat. Dashzeveg ya kwake hakuivua. Nilivuta kutoka kiti cha nyuma sanduku langu la zawadi na nyama ya kiuno kizima cha kondoo aliyokuwa anawapelekea wazee. Yeye aliokoa kichupa chake cha ugoro. Kisha tukasogea mbali tukatazama.

"Yadam angejua," alisema kwa sauti ndogo, siyo kwangu, siyo kwa mtu yeyote. Nikamwonea huruma, kwa muda wa kupiga chafya.

Nasema hivyo kwa sababu ya yaliyofuata ndani ya lori. Tulibanana watatu kwenye kiti kimoja, mimi katikati nimempakata kondoo. Chuluunbat alikuwa karibu kulia.

"Nisamehe, mzee. Nimekuchomea gari siku ya sikukuu. Ninao ng'ombe, nitauza, nitakutafutia jingine."

Na Dashzeveg, msikie Dashzeveg, akanyoosha mkono mbele ya uso wangu akampigapiga yule mtu begani. "Usijisumbue, mwanangu. Nimekusamehe. Hakuna aliyezaliwa anajua."

"Kaka Chuluunbat," nilisema, "usiuze hata mkia wa ng'ombe. Mzee wa redioni ni huyu hapa. Ndama ni wa kwake, na gari lake alijua linavuja. Amekuacha ulichome kwa sababu aliona aibu kukuzuia."

Lori likapunguza mwendo, likasimama. Chuluunbat akainama mbele yangu kumtazama Dashzeveg, ambaye alikuwa amegeukia dirisha. Nilijiandaa. Nilitaka kumwona akishushwa barabarani, na sioni haya kusema hivyo.

"Wewe ndiye Mzee Dashzeveg?" Chuluunbat alisema. "Yule yule? Subiri mama asikie! Hataamini!" Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akauinamia kama mtu anayeamkia babu yake. Kisha, huku akiwa bado ameushika, akasema: "Mzee, kwa kuwa nimekupata. Hili lori, nikipanda mlima, gia ya pili inaruka yenyewe."

Dashzeveg akageuka kutoka dirishani. Rangi ilimrudia usoni kama mgonjwa aliyenyweshwa supu.

"Imeanza lini?" aliuliza.

Njia yote hadi Orkhon nilimkumbatia kondoo wangu na kusikiliza wajinga wawili wakifurahiana, mmoja akisema upuuzi na mwingine akiukariri asije akausahau.

Tuliporudi mjini, Handsuren alimsikiliza mumewe akieleza kuwa gari limeungua kwa hitilafu ya umeme. Alinitazama mimi. Nikamtazama. "Kaoshe mikono," alimwambia, "unanuka oili." Jumamosi iliyofuata Dashzeveg alieleza redioni habari za dereva mmoja mzembe, bila kumtaja jina, aliyewasha moto chini ya gari bovu bila kumuuliza mtaalamu. Simu zilipigwa nyingi kuliko siku zote.

Siku hizi hana gari, kwa hiyo hupanda basi. Hukaa kiti cha nyuma ya dereva, shingo imenyooshwa, akisikiliza gia. Dereva wa njia yetu, mwanamama mmoja mvumilivu aitwaye Tsolmon, ameshaomba mara mbili ahamishiwe njia nyingine.