Pipa la Mama na Lenga-lenga Tusizokula

Mwaka wa sabini na nane nilikuwa na miaka tisa, na ndipo taabu ilipotuingilia: papa alikufa, mama akabaki na watoto wanne na pipa moja. Harufu ya pipa lile bado iko ndani ya pua yangu. Ilikuwa chachu, inachoma macho, kama pombe ya ndizi iliyosahauliwa ndani ya banda la mbuzi.

Kila alfajiri mama alitoka na bidoni tupu ya plastiki, akarudi nayo imejaa maji machafu, akamwaga pipani, akafunika kwa bati na jiwe. Nikiuliza maji yale yametoka wapi, ananijibu: "Faida, funga kinywa. Enda kuchota."

Mtaa wetu wa Katoyi ulikuwa mawe meusi matupu ya volkano. Udongo tuliubeba kwa vikapu kutoka mbali, tukautandika kati ya mawe kama mtu anayetandika kitanda. Maji safi tuliyabeba kwa kichwa kutoka ziwani; nani angekuwa mjinga wa kuyamwagia mboga? Lakini lenga-lenga za mama, mchicha wa kwetu, zilikuwa na majani mapana kama kiganja cha mwanaume, kijani cha kuogopesha. Za jirani yetu Mama Zawadi zilikuwa za manjano, zimejikunja kama wagonjwa.

Maneno yakaanza. Wengine walisema ni maji ya chooni. Wengine, maji yaliyooshea maiti. Mimi nilimshuku mama kuliko wote, maana nilijua jambo wasilolijua: mboga zile hazikuingia sufuria yetu hata siku moja. Tulikula ugali na maharagi, au ugali na chumvi. Lenga-lenga zote zilifungwa mafungu, zikaenda Birere sokoni ndani ya beseni. Tena nilimwona anachanganya yale maji na ya mvua, anayamwaga shinani tu kwa kikopo, anakwepa majani. Kisha ananawa kwa sabuni mara mbili. Mutu anayenawa hivyo, nikajiambia, anaficha kitu.

Siku moja Mama Zawadi aliniita, akanipa muhogo wa kuchoma.

"We Faida, ile mboga ya mama yako, munakulaka?"

"Apana. Mama anakatalaka."

Akaacha kupepeta maharagi. "Anakatalaka? Hata kidogo?"

"Hata jani moya."

"Yesu wangu!" Akaniongezea muhogo.

Ulikuwa mtamu, siwezi kukudanganya.

Kesho yake mama alirudi kutoka Birere na beseni limejaa, mboga zimelegea. Wateja walikuwa wamemuuliza kama yeye mwenyewe anazila, kisha wakaenda kununua za wengine. Ikawa hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata. Akatuuliza nani amesema. Nikachukua bidoni niende kuchota maji ambayo hakuniagiza, naye akajua.

Hakunipiga. Aliwasha makaa, akazipika zote kwa kitunguu na mawese. Nilikula nikingoja tumbo liniue. Tumbo likatulia. Zilikuwa tamu kuliko ule muhogo.

"Umeshiba?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Muzuri. Ile ndio masomo yako umekula."

Sikuelewa, hata shule iliponirudisha nyumbani kwa kukosa ada. Nilikuwa mwaka wa tatu wa primaire, shule ya msingi, sikurudi tena. Badala yake mama alinipa bidoni, akanipeleka alikokuwa akienda. Kulikuwa na muzee mmoja mpika kasiksi, pombe ya ndizi, mwenye mbuzi nyuma ya nyumba: maji ya kuoshea mitungi yake na mkojo wa mbuzi wake, basi. Mama alificha kwa sababu kama Mama Zawadi angejua, yasingetosha wawili.

Na kwa nini alitukatalia mboga? Hilo nililijua nilipokuwa na watoto wangu, siku nilipomchapa mkubwa mkono wake ukiwa ndani ya beseni la kuuza. Mkono wangu ukabaki hewani kabla ya kofi la pili. Mama hakuogopa sumu. Kila fungu ambalo tungekula lilikuwa fungu la shule.

Leo nina bustani tatu. Mapipa sita, moja lina kufuli. Mbuzi kumi na moja. Nyumba ya mbao, bati jipya. Watoto watano, wote wana diplome, na hakuna hata mmoja anayependa harufu yangu. Nina pia kiti kidogo mlangoni. Kila nikikata lenga-lenga, fungu la kwanza linaingia sufuria yangu, na ninalila pale nje, polepole, majirani wanione.