Kadi Iliyoingia Isionekane

Mwalimu mmoja wa Katogota alifika kwenye atelie yetu ya kutengeneza kompyuta hapa Uvira na kompyuta mbili alizozifunga ndani ya kitenge. Ya zamani ilikuwa imekufa. Ya pili, mpya, alikuwa ameileta kutoka Bujumbura. Alitaka tuhamishe kadi ya kumbukumbu, nyembamba na ndefu kama kidole, kutoka ile ya zamani hadi mpya. Ndani yake mlikuwa na maneno ya Kifuliiru aliyoyakusanya kwa wazee miaka mingi.

Fundi wetu mkubwa, aliyenifundisha kazi, aliichomeka. Iliingia vizuri, akaikaza kwa skrubu. Kompyuta haikuiona. Alijaribu mara tatu, kisha akasema, "Pole, mwalimu. Kadi imekufa."

Mwalimu alianza kuifunga tena kompyuta ya zamani ndani ya kitenge.

Niliomba kuiangalia. Nilisoma maandishi madogo ya kadi, kisha nikatafuta kwenye simu maelezo ya ile kompyuta mpya.

"Baba, kadi haiyakufa," nilimwambia fundi. "Hii iko ya SATA, namna ya zamani. Angalia, meno yake iko na mapengo mawili. Tundu ya hii mashini inakubali namna mpya, NVMe, tu. Kadi inaingia sababu umbo inafanana, lakini haziko zinasikilizana."

"Weye ulijulia wapi?"

"Minye nilikosea mbele ya leo. Nilinunua kadi ya namna hii kwa mashini yangu, ikakataa. Nikasoma mpaka nikaelewa."

Niliichomeka kadi ndani ya kasha dogo la USB linalopokea SATA, nikaliunganisha na kompyuta mpya. Mafaili yakajipanga kwenye kioo. Mwalimu alivaa miwani, akasoma neno la kwanza kwa sauti, kisha la pili, kisha akaendelea tu, na wateja wawili waliokuwa mlangoni wakaanza kumsaidia kueleza maana. Sikumkatiza.

Baadaye niliweka kadi ya NVMe ya kwetu atelie, yenye pengo moja, ndani ya kompyuta mpya, nikanakili kila kitu humo. Mwalimu alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Aksanti, mama," alisema, ingawa angeweza kunizaa.

Alipoondoka, fundi alivuta kiti karibu yangu akaomba nimwonyeshe tena tofauti ya zile kadi. Nilimweleza pole pole. Mteja aliyefuata alipoingia akiuliza fundi yuko wapi, yeye ndiye aliyenyoosha kidole kwangu.