Saini ya Kumi

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Mwalimu Penseli aliketi kizingitini na wembe mkononi, akichonga penseli za darasa la nne. Alizikusanya jana yake zikiwa butu, akazirudisha zikiwa kali. Mbili tatu alizichomeka kwenye nywele akazisahau, ndiyo maana watoto wakampa jina hilo. Chumba chake na chetu vilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, kwa hiyo nilimjua hata kwa kikohozi.

Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, aliyeonja pombe akiwa darasa la sita kwa sababu wenzake walimwita mtoto wa mama. Pombe ikamuua, akamzika kabla kijana hajafikisha miaka thelathini. Baada ya hapo akaomba kile kipindi cha Ijumaa ambacho walimu wengine walikikwepa, akawa anawafundisha watoto kukataa. Chupa tupu ya pombe aliijaza maji. Mtoto mmoja anashawishi, wengine wanazomea, na anayeshawishiwa anahesabu moyoni hadi tatu, kisha anasema, "Mdomo ni wangu. Sitaki."

Mdogo wangu alikuwa darasani kwake. Tulimwita Kasuku kwa kuwa alimwiga yeyote, hadi jinsi mama mwenye nyumba anavyoburuta ndala. Siku ya wazazi darasa la nne lilitakiwa kuonyesha igizo, na Kasuku akapewa sehemu ya mlevi.

"Igiza mtu unayemjua," mwalimu alimwambia. Alidhani atamwiga baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa ulevi. Hakumuuliza.

Kasuku akatokea mbele ya watu na koti linalofika magotini na miwani ya waya puani. Akaketi, akavuta droo, akamimina maji ya chupa kwenye kikombe cha chai, akakoroga kwa kijiko kabisa. Kisha akamwita mwenzake: "Wewe, kimbia dukani, sema dawa ya kikohozi ya mwalimu imekwisha. Ukimwambia mtu, unarudia darasa."

Watu walicheka. Halafu kicheko kikakatika kuanzia viti vya mbele, maana mwalimu mkuu alikuwa ameketi pale na koti lake na miwani yake.

Jumatatu mama na Kasuku waliitwa ofisini. Niliwasindikiza kwa kuwa mama hajui kusoma, na mimi hata kama shule niliiacha mapema, barua naiweza. Walimu walikuwa wamejipanga ukutani. Nikasoma polepole: mwanafunzi amemzushia mkuu wa shule, anafukuzwa, walimu wote wanathibitisha kwamba ni uongo. Saini zilikuwa tisa. Mstari wa kumi ulikuwa mtupu.

"Umebaki wewe tu, mwalimu," mkuu alisema.

"Uongo ni upi hapo?" Mwalimu Penseli aliuliza.

"Saini, dada, tukafundishe," alisema mwalimu wa hesabu. "Kwani sisi wote tuliosaini tuna wazimu?"

"Mwacheni, anataka kwenda peponi peke yake," akadakia mwalimu wa michezo. Wakacheka kidogo, wakitazama chini.

Mkuu hakucheka. "Igizo ni lako. Asipoondoka mtoto, nitauliza nani alimfundisha."

Mama akamgeukia Mwalimu Penseli. "Mwalimu, mtoto huyu ndiye anayetumwa dukani. Nilikuambia mwenyewe jana, pale bombani."

"Najua, mama Kasuku."

Alisema hivyo mbele ya wote, kwa sauti ndogo. Halafu akachukua kalamu akasaini.

Kasuku hakulia. Aliuliza tu, kama anavyouliza darasani, "Mwalimu, ulihesabu hadi tatu?"

"Nilihesabu."

Mkuu akapuliza wino wa ile barua, akaikunja. "Haya, kila mtu kazini."

Mwalimu Penseli akatoka wa kwanza. Tulimwona akipita mlango wa darasa la nne bila kugeuza shingo. Mtoto mmoja akamwita dirishani, "Mwalimu, tuna kipindi," naye akaendelea, akakatiza uwanja, akavuka geti. Mwalimu wa michezo alitoka mbio na mkoba ambao Mwalimu Penseli aliuacha kwenye kiti, akasimama barabarani akitazama huku na huku, akarudi nao.